Bi Mkasi na Ukuta wa Nyayo

Jina la Bi Mkasi hakulipata kwa sababu ya ushonaji, ingawa alikuwa fundi cherehani na mkasi haukumtoka mkononi. Alilipata kwa sababu ya ulimi. Mteja akileta kitambaa kidogo na mwili mkubwa, aliambiwa palepale, mbele ya watu, kwamba kazi ya fundi ni kushona, miujiza aitafute kwingine. Watu walimvumilia kwa kuwa mshono wake ulinyooka, na sare zake za shule zilivaliwa na mtoto wa kwanza, zikarithiwa na wa pili na wa tatu, zikiwa bado na rangi. Wangepata fundi mwingine wa namna hiyo, wangemkimbia siku hiyohiyo.

Alikuwa na sukari kwa miaka mingi, na sukari yenyewe aliidharau kama alivyodharau kila kitu. Dawa alimeza akikumbuka. Akisahau, alisema ni dawa zilizosahau kumkumbusha. Nyumbani aliishi na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mwanamke mnene na mpole, mwenye presha na magoti yanayolia akiinuka. Wifi ndiye aliyepika, aliyedeki na aliyesemwa. Kazi hiyo ya tatu ndiyo iliyokuwa nyingi kuliko zote.

Kila asubuhi wifi alivaa raba zake, akajifunga kitambaa kichwani, akaenda kiwanja cha zahanati iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Hapo muuguzi mmoja, waliyemwita Sista, aliwakusanya wagonjwa wa mtaa kufanya mazoezi. Bi Mkasi aliwaona kupitia dirisha la chumba chake cha kushonea, na kila alipowaona alibenua midomo. Alikuwepo mwalimu mstaafu mwenye moyo mbovu, aliyetembea na vidonge kwenye mfuko wa shati na kuupapasa mfuko huo kila mara, kama mtu anayehofia kuibiwa. Alikuwepo dereva wa lori mwenye pumu, kitambi kimemtangulia, ambaye alivuta pampu yake kwanza, akasubiri, ndipo akaanza kujikokota. Nyuma ya wote alikuja wifi, akihema na kumpungia mkono kila aliyempita. Bi Mkasi hakuelewa mtu anawezaje kuwa wa mwisho na bado akacheka.

"Mnakwenda kufa pamoja?" alimwuliza siku moja. "Maana naona mmejipanga mstari kabisa."

"Tunakwenda kutembea, wifi."

"Miezi yote hii mnatembea, na hamjafika popote."

Wifi alicheka kidogo, akaenda zake jikoni. Huyo naye ukimtukana ni sawa na kupiga mto ngumi.

Basi ikafika siku ya Bi Mkasi mwenyewe kwenda kupimwa. Daktari alikuwa kijana, ndevu bado zinabisha hodi, na Bi Mkasi alimdharau kabla hajafungua mdomo. Sukari ilikuwa juu. Kisha yule kijana akamlaza, akamfumba macho, akatoa kiuzi kigumu cha plastiki, akawa anamgusagusa nacho kwenye nyayo ili aseme anaposikia. Mara nyingi hakusema kitu. Daktari akamwambia miguu yake imeanza kufa ganzi.

"Uzi wenyewe mbovu," alijibu Bi Mkasi. "Uzi kama huo mimi siushonei hata leso. Tafuta uzi wa maana, halafu tuongee habari za ganzi."

Daktari hakucheka. Alimwambia atembee kila siku, kwa sababu misuli inayofanya kazi hula sukari iliyozagaa kwenye damu, na dawa peke yake inahangaika. Ale kidogo kabla ya kutoka, na awe na pipi mfukoni, sukari ikishuka ghafla apate pa kushika. Bi Mkasi akamwambia yeye anakanyaga cherehani kutwa nzima, kama hayo si mazoezi basi hajui mazoezi ni nini. Daktari akasema cherehani inachosha vifundo tu, moyo unabaki umelala.

"Lakini hili ndilo kubwa, mama. Kabla ya kutembea, kung'uta viatu na angalia nyayo. Usipoweza kuziona, mwombe mtu akuangalizie. Mguu wenye ganzi haupigi kelele ukiumia. Kidonda usichokisikia ndicho kinachokata watu miguu."

Hapo Bi Mkasi alimkumbuka fundi viatu wa kona, aliyekatwa mguu chini ya goti kwa sukari hiyohiyo, ambaye sasa alishona viatu vya wenzake huku magongo yamemwegemea. Alipokatwa, Bi Mkasi alitamka wazi kwamba ni uzembe. Hakuona sababu ya kubadili maneno leo. Lakini fundi wa cherehani ya kukanyaga bila mguu ni nini? Wazo hilo alikwenda nalo hadi nyumbani. Kesho yake asubuhi alivaa raba.

"Nakuja," alimwambia wifi. "Nikawaonyeshe watu maana ya kutembea."

Kiwanjani kulikuwa na ukuta mfupi, na kikundi kile kilikuwa na desturi ambayo Bi Mkasi, kutoka dirishani kwake, hakuwahi kuiona vizuri. Kabla ya hatua ya kwanza, wote walikaa juu ya ukuta, wakavua viatu na soksi, wakakung'uta, kisha kila mmoja akainua mguu na kuuweka kwenye mapaja ya jirani yake ili auangalie. Mwalimu mstaafu aliushika mguu wa dereva wa lori, akaukagua kwa miwani kama daftari la mtihani. Sista aliwaambia wageni wote neno lile lile: macho yako hayafiki chini ya mguu wako, ya mwenzako yanafika.

Jirani wa Bi Mkasi pale ukutani alikuwa wifi. Wifi alikwishanyoosha mikono kuupokea mguu.

"Sista," alisema Bi Mkasi, "mimi nimekuja kunyoosha viungo, sikuja mnadani kuuza miguu."

"Ni usalama tu, mama."

"Isitoshe natekenyeka haraka. Mtu akinigusa unyayo naruka. Marehemu kaka wa huyu anajua, na ameondoka nalo."

Watu wakacheka, Sista naye, na mguu ukabaki ndani ya raba. Basi angalau azikung'ute, Sista alimsihi. Akazikung'uta siku hiyo kwa ncha ya vidole, kama anayefukuza nzi. Siku zilizofuata hata hilo hakulifanya.

Jambo lililomuudhi ni kwamba mazoezi yalimfaa. Alianza kulala usingizi mmoja. Kiu ya usiku ikapungua, na alipopimwa sukari ilikuwa imeshuka, daktari akafurahi kwa niaba ya wote wawili. Sista aliwafundisha kupima mwendo kwa mdomo: ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, hapo panatosha. Kipimo hicho kwa Bi Mkasi hakikuwa na maana, kwa kuwa hapajawahi kupatikana mwendo wa kumzuia kuongea. Alimpita mwalimu, akampita dereva, akampita wifi mara mbili katika mzunguko huohuo, na kila aliyempita alimwachia neno. Mwalimu aliambiwa kaburi halikimbii, asiwe na haraka ya kulifuata wala ya kulikwepa. Wifi aliambiwa anyanyue miguu, kiwanja kimeshapigwa deki.

Mwenye akili angeshukuru. Bi Mkasi alivimba kichwa.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, chumba cha kushonea kilijaa sare mpaka pa kukanyaga hapakuonekana. Bi Mkasi alishona akiwa na pini midomoni, akizichomoa moja moja kubana mapindo, na zilizodondoka aliziacha zidondoke. Raba zake alizivua pale pale chini ya cherehani, midomo wazi. Mtu mwingine yeyote angeziweka mlangoni. Fundi aliyeshona tangu ujana wake hafikirii pini, kwa sababu tangu ujana wake pini ikimchoma humwambia yenyewe.

Asubuhi ile alizivaa akiwa amechelewa. Ukutani hakukaa hata kidogo, alisimama akiwatazama wenzake wakishikana miguu, akasema wanaonekana kama watu wanaonunua samaki. Kisha akatembea. Alitembea vizuri kuliko siku zote, mabega nyuma, akamkuta wifi njiani anachechemea kwa goti lake.

"Nenda nyumbani ukakae, wifi. Unatutia aibu mbele ya wapita njia."

"Nikikaa ndipo linapokaza," alisema wifi. "Likipata moto litaachia."

Na kweli liliachia, lakini Bi Mkasi alikuwa ameshapita.

Nyumbani alivua raba mlangoni, maana wifi alikuwa anapiga deki, akaingia na soksi. Kila alipopiga hatua, kitu kilikuwa kikilia ti, ti kwenye saruji. Akamwambia wifi aweke ndoo vizuri, mshikio wake unagonga. Wifi akasema ndoo ameishika. Bi Mkasi akafyonza, akakaa kwenye cherehani, akakanyaga. Alipogeuka kuchukua sketi nyingine, aliona matone sakafuni.

"Wifi. Hebu tazama. Unadeki huku unamwaga damu. Umejikwaa wapi tena?"

Wifi aliitazama miguu yake. Ilikuwa peku, imelowa maji, safi kabisa. Akaanza kuyafuata matone kwa macho, taratibu, na Bi Mkasi akayafuata pamoja naye kwa hasira, tayari ana neno la kusema watakapofika mwisho. Yalianzia mlangoni. Yalipita kando ya meza ya kukatia. Yaliishia kwenye pedeli ya cherehani, chini ya mguu wake mwenyewe.

Wifi alipiga magoti, magoti yale mabovu, akauinua ule mguu. Soksi ilikuwa imelowa damu, na katikati ya unyayo kulikuwa na kidoti cha njano. Kilikuwa kichwa cha pini yake. Ilikuwa imepenya soksi ikazama kwenye nyama, soksi imebanwa kwenye mguu kama Bi Mkasi abanavyo pindo kwenye sketi. Alikuwa amezunguka kiwanja kizima juu yake, amewapita watu wote, amewacheka, na hakusikia kitu. Hata sasa, akiiona kwa macho yake, alikuwa hasikii kitu.

Hapo aliogopa.  Akilini alimwona fundi viatu wa kona na magongo yake.

"Usiiguse," alisema wifi, na sauti yake haikuwa ya upole hata chembe. "Twende."

Daktari kijana aliitoa, akasafisha, akamchoma sindano, akamwambia asiukanyagie mguu ule mpaka kidonda kifunge. Hakuna kiwanja na hakuna pedeli. Lakini asiache kufanya mazoezi, sukari ikipanda kidonda hakitapona. Akae kwenye kiti ainue mikono, ameshika chupa za maji. Hakumwambia nilikwambia. Bi Mkasi angeliona heri amwambie, apate la kumjibu.

Ulikuwa muda mrefu. Bi Mkasi, aliyewacheka watu wazima kwa kujikokota, alikaa dirishani akipandisha na kushusha chupa mbili za maji kama anayepima kitu sokoni. Ng'ambo ya barabara mwalimu na dereva walimpita wifi, wifi akawapungia mkono, kisha akageuka akampungia na yeye. Sare nyingi zilikwenda kwa fundi mwingine, mtu ambaye mshono wake ulikwenda upogo. Kila jioni wifi alisafisha kidonda. Siku za mwanzo Bi Mkasi alimwelekeza namna ya kukunja bandeji, akamkosoa, akamwambia ana mikono mizito. Wifi aliendelea kufunga. Baadaye Bi Mkasi alinyamaza, akawa anautazama uso wa wifi tu, maana usoni pale ndipo alipoweza kujua kama kidonda kinapungua au kinakula. Hakuna mtu aliyewahi kuutazama uso ule kwa makini kiasi hicho.

Kidonda kilifunga. Mguu ulibaki wake.

Siku ya kurudi kiwanjani alifika wa kwanza, akakaa ukutani. Wenzake walimkuta hapo. Mwalimu mstaafu alikohoa, akapapasa mfuko wake, akaanza, "Wahenga walisema..."

"Mwalimu, ukinitolea methali ya mdharau mwiba, nitarudi nyumbani sasa hivi."

Mwalimu akaimeza. Bi Mkasi alivua raba, akazigeuza, akazigonga ukutani kwa nguvu, akaingiza mkono mpaka vidoleni. Hamkuwa na kitu. Akavua soksi. Kisha akauinua ule mguu wenye kovu, akautua kwenye mapaja ya wifi yake, naye akageuzia uso kwenye zahanati kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano.

"Angalia vizuri," alisema. "Na usinitekenye."

Wifi alikuwa ameuinamia ule unyayo. 

"Nakutekenya, wifi," alisema. "Nakutekenya tangu uliponipa."

Bi Mkasi aligeuka, akakiona kidole cha wifi kikipita juu ya unyayo wake.  Wote pale ukutani wakaangalia viatu vyao. Halafu aliushusha mguu wake chini, taratibu, akakung'uta mapaja yake kwa kiganja.

"Lete wako," alimwambia wifi. "Nao uwe umeoga."

Wifi akamwekea mguu mapajani, na Bi Mkasi akautazama, kidole kwa kidole, mpaka Sista alipopiga filimbi.