Kichwa Bora Nilichowahi Kuchora

Nilijifunza kuchora kwa karatasi iliyopakwa mafuta ya taa. Ukiipaka karatasi ya daftari na kuianika kidogo, inakuwa kama kioo chenye ukungu. Ukiilaza juu ya picha unaona kila mstari, na unaufuata kwa penseli. Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, nikawa nipo tu nyumbani kwetu Nkuhungu. Asubuhi nilimsaidia mama kuuza vitumbua, mchana nilichora. Mama alikuwa akisema siku moja nitakaribia jiko niwake.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Vitu vilivyokuwa vya kusikia tu vilianza kuonekana sokoni, na pamoja na mitumba viliingia vitabu vya katuni vya Wazungu, vimekwisha kusomwa huko kwao. Wauza karanga walivichana wakavifanya vifungashio. Nilimwomba muuza karanga mmoja aniwekee vile vyenye watu wanaoruka angani. Kiingereza changu kilikuwa kidogo, lakini ngumi haihitaji tafsiri.

Watu wanaoruka walikuwa weupe wote. Weusi walikuwemo pia. Walibeba mizigo, walitoa macho, walikimbia, na midomo yao ilichorwa kama maandazi mawili. Walipakwa rangi moja ya matope, wote sawa, mtoto na mzee. Ningependa kusema kwamba iliniuma. Haikuniuma. Nilipofika kwao niligeuza ukurasa, kwa sababu hawakuwa na misuli ya kufuatisha.

Lazima nieleze jinsi nilivyo, maana bila hilo yaliyofuata yataonekana kama bahati mbaya tu. Sivumilii mstari uliokosea. Nimewahi kuchora mkono mmoja mara ishirini na tatu, nikachana zote, nikalia, kisha nikachora wa ishirini na nne nikauficha nisiuone. Kwa hiyo nilipoamua kutunga hadithi yangu ya picha, sikutaka kubahatisha. Nilitaka mtu halisi wa kusimama mbele yangu nimchore.

Nilimfuata mjomba wangu, ndugu wa mama, kijijini Mlali. Alikuwa na mashine ya kusaga nafaka ya dizeli, ya kwake mwenyewe, baada ya ile ya kijiji kufa. Hadithi yangu ilikuwa ya mtu anayeweza kuruka na kuyarudisha mawingu yaliyoibwa juu ya nchi yetu. Mjomba alisikiliza hadi mwisho, unga umemjaa kwenye nyusi.

"Na huyo anayeruka ndiye mimi?"

"Ndiyo, mjomba."

"Mama, unanijua lakini?" Ndivyo alivyozoea kuniita, mama. "Mimi ngazi tu naiogopa."

Lakini alipanda juu ya debe, akafunga gunia shingoni liwe joho, akanyoosha mikono. Kinamama waliokuwa wakisubiri zamu na mtama wao walicheka hadi mmoja akakaa chini. Alisimama hivyo siku tatu, kila mashine ilipozimwa. Nilichora mabega, viganja, masikio yake yaliyotobolewa yakavutwa kizamani, na kwenye paji la uso ile alama ya mviringo ambayo wazee wengi wa Kigogo wanayo. Kile kichwa kilitoka vizuri. Sikukichana, sikukificha. Nilikiangalia nikajua ndicho bora nilichowahi kuchora.

Niliporudi nyumbani niliandikia gazeti moja la hadithi la Dar es Salaam, mojawapo ya yale yaliyokuwa yakichipuka kila wiki. Mhariri alijibu. Alisema hadithi anaitaka, ila nisitie wino mwingi kwenye nyuso. Karatasi yao ilinyonya wino, na uso wenye vivuli ungetoka doa. "Shujaa muache wazi," aliandika.

Nikamwacha wazi. Hilo ndilo nililofanya, na nilifanya kwa furaha, kwa sababu lilinitoa kwenye shida niliyokuwa nayo. Nilikuwa nimejaribu kuuchora weusi wa mjomba kwa mistari midogo midogo ya kupishana, na kila mara alionekana kama mtu aliyepakwa masizi. Uso mweupe ulikuwa safi. Na mkono wangu, uliofuatisha nyuso zile za karatasi ya mafuta kwa miaka minne, ulipopewa uso ulio wazi ulijua wenyewe pa kwenda. Pua ikawa nyembamba. Nywele zikalala, zikapepea.

Kikabaki kile kichwa. Nisingeweza kukitupa. Hadithi ilikuwa na mwizi wa mawingu, na mwizi akitoka doa si hasara. Nikampa mwizi kichwa cha mjomba, na masikio yake na alama yake, vivuli vyote. Nilijiambia hakuna atakayejua. Hapana, hata hilo nisisingizie. Sikujiambia kitu. Nilifurahi kwamba kimepata nafasi.

Gazeti lilitoka wakati wa mavuno. Niliwahi Mlali siku ya mnada ili niwepo mjomba atakapoliona. Aliyelileta kutoka mjini alikuwa mtani wake, Mwislamu mmoja muuza vitenge ambaye babu zake walikuwa Wanyamwezi, wapagazi wa misafara. Mjomba alikuwa ameshawatangazia watu. Mashine ilizimwa, kinamama wakasogea na ndoo zao.

"Haya, Mgogo, fungua tukuone ukiruka," yule mtani alisema. "Babu zangu walipita hapa na mizigo kichwani, babu zako wakawatoza hongo kwa maji ya kunywa. Nataka nione kama na mawingu mnayatoza."

"Mtumwa wangu, kaa chini, unanizibia mwanga."

Mjomba alijifuta mikono kwenye suruali, akafungua. Alitazama ukurasa wa kwanza kwa muda mrefu. Akafungua wa pili.

"Huyu anayeruka ni nani?"

"Ndiye shujaa, mjomba."

"Mzungu?"

"Hapana. Ni... ni wewe."

"Mimi?" Alilisogeza gazeti karibu na macho, kisha akaliweka mbali. "Basi nimeoshwa vizuri."

Watu wakacheka. Nikacheka nao. Ndipo mama mmoja akaweka kidole chenye unga chini ya ukurasa. "Si wewe huyu hapa! Tazameni masikio. Tazameni na alama."

Mtani alimpokonya mjomba gazeti, akaliinua juu. "Mwizi! Jamani, kumbe ndiyo maana Ugogo hakunyeshi! Mvua zote ziko kwenye gunia la huyu! Mpwa wake mwenyewe kamtaja!" Alimpigapiga mjomba mgongoni hadi unga ukatimka.

Kwa mtani huwezi kukasirika, ndiyo sheria yenyewe. Akikutukana msibani utacheka. Kwa hiyo mjomba alicheka, tena kuliko wote, akamwahidi mtani wake kwamba kwa kuanzia atamwibia vitenge. Lakini mimi sikuwa mtani wake. Mimi nilikuwa mtoto wa dada yake, na nisingeweza kujificha kwenye utani. Yule mtani alisema kwa sauti kitu nilichokuwa nimekichora bila kukisoma.

Watu walipotawanyika kwenda mnadani mjomba aliniita karibu na mizani.

"Mama, hii alama ulifikiri ni ya nini?"

Nilikuwa nimeichora zaidi ya mara thelathini, najua upana wake, najua inavyomeremeta kwa jasho, na sikuwahi kumuuliza.

"Nilikuwa mdogo, naumwa macho," alisema. "Bibi yako alinilaza mapajani akanishika kichwa, wakaniweka hii. Alilia kuliko mimi. Waliniweka ili nisipofuke."

Kisha akawasha mashine.

Asubuhi nilipokwenda kumuaga, alikuwa amevaa kofia ya mzula, ya sufu, ameivuta hadi kwenye nyusi. Ndani ya kile kibanda cha mabati chenye joto la injini. "Shikamoo, mjomba." "Marahaba, mama, safiri salama." Hakusema neno baya. Mama alinieleza baadaye kwamba kofia hiyo haivui, hata kanisani hukumbushwa kuivua.

Gazeti liliomba sehemu ya pili. Nilituma, shujaa yuleyule mweupe, mwizi yuleyule. Hili ndilo gumu zaidi kuliandika. Nilijua, na nilituma. Nilitaka jina langu litoke tena. Baada ya sehemu ya nne gazeti likafa, kama wenzake wengi, na sikupata nafasi hata ya kuacha mwenyewe.

Miaka ilipita. Vitabu vya mitumba vilibadilika kidogo kidogo. Kwanza alikuja shujaa mweusi mmoja, kifua wazi, mwenye hasira kila ukurasa, na kila alipokaribia kushinda alitokea mwenzake mweupe akamalizia. Kisha, juzijuzi, nimepata kimoja bila jalada. Yumo mwanamume mweusi anayeruka, ana mama yake, ana nyumba, anachoka. Na mchoraji hakutumia rangi ya matope. Kuna kahawia ya shavuni, nyingine ya shingoni, na mwanga wa samawati kwenye paji la uso. Nilikitazama hadi vitumbua vikaungua. Kwa hiyo iliwezekana. Nilikuwa naongeza wino mahali ambapo ilipasa kuongeza mwanga.

Nilijifundisha upya. Napaka karatasi nzima nyeusi, ikikauka nakwangua mwanga kwa ncha ya wembe: mfupa wa shavu, ukingo wa sikio. Nilichana nyingi. Nilipopata iliyotulia nilifunga vifaa nikaenda Mlali.

Nywele chache za mjomba zilizochungulia kwenye kofia zilikuwa na mvi. Nilimwomba radhi, vibaya, kwa maneno mengi mno, mpaka akainua mkono.

"Gazeti lenyewe lilishafungiwa maandazi," alisema. "Kaa. Unataka kuchora, chora."

Alikaa juu ya lile debe, hakusimama. Nilimwomba, kwa sauti ndogo, kama angevua kofia.

"Hapana, mama. Chora unachokiona."

Nilikwangua mchana kutwa. Yalitoka macho, ikatoka pua yake pana yenye unga, yakatoka masikio. Nilipofika kwenye paji la uso mkono ulisita. Ile alama naijua kwa moyo, ningeweza kuitoa kwa wembe nimefumba macho, mahali pake hasa, na picha ingekuwa kamili. Nilikwangua sufu ya kofia, uzi mmoja mmoja, hadi kwenye nyusi.

Alipotazama alitikisa kichwa polepole, kukubali. "Huyu ni mimi," alisema, akanirudishia. Hakuitaka. Ninayo hapa mezani. Sijaichana, na kila nikiitazama macho yangu yanakwenda palepale kwenye kofia.