Ngege Moto, Kituo cha Treni

Migori hakuna reli. Hata hivyo kila Jumapili baada ya kanisa, mtaani Oruba, Japheth Omanga huendesha treni ndefu ya mizigo akiwa sebuleni kwake, na ukimpigia simu saa hizo ni mkewe anayepokea.

"Ako kwa mlima," Lynnet husema. "Akishuka atakupigia."

Japheth ni fundi wa redio na spika. Mimi ni jirani yake, tumetenganishwa na ukuta mmoja tu, kwa hiyo haya ninayoyasimulia mengine niliyaona na mengi niliyasikia, tena bila kutega sikio. Alipokuwa mdogo aliishi na shangazi yake Kisumu, karibu na stesheni, na sauti ya treni ilimwingia akilini ikakataa kutoka. Alipokuwa mtu mzima akanunua kompyuta ya mtumba na gemu ya kuendesha treni. Si gemu ya kupiga risasi wala kukimbizana. Unawasha injini, unangoja taa igeuke kijani, unavuta mabehewa taratibu, na ukishika breki kwa pupa abiria wanaanguka. Mimi nikitazama naona usingizi. Yeye anatoka jasho.

Gemu yenyewe huja na treni chache. Nyingine zinauzwa mtandaoni, kila fundi na zake, unanunua unaongeza. Siku moja Japheth aliona kichwa cha treni cha dizeli kinachofanana kabisa na vile vya zamani vilivyokuwa vikifika Kisumu. Rangi ile ile, vumbi lile lile, hata kioo cha dereva kilikuwa na ufa. Video ya tangazo ilikuwa nzuri mno, na muziki wa gitaa juu yake. Hapo ndipo alipotegwa. Yeye, fundi wa spika, hakujiuliza kwa nini muuza treni ameificha sauti ya treni chini ya gitaa.

Alinunua. Jumapili akamwita mkewe, akamkalisha kwenye kochi, akaunganisha spika zake kubwa zaidi.

"Mama Bravin, tulia sasa usikie. Hii ndiyo nilikuwa nakuambia."

Akawasha injini.

Lynnet ana saluni karibu na soko, na hakuhitaji kufikiri. "Baba Bravin, hiyo ni blodraya."

"Ngoja ipate moto."

"Ikipata moto inachoma nywele. Hiyo ni blodraya, na imeziba vumbi."

Japheth akakimbilia honi. Honi nayo ikalia kama mbuzi aliyekanyagwa mguu. Upande wangu wa ukuta niliuma mto nisicheke, lakini Lynnet hakuwa na mto.

Japheth alimwandikia muuzaji. Akajibiwa kwa adabu sana kwamba picha zimekamilika na sauti itaboreshwa siku zijazo. Siku zijazo hazikuja. Wiki nzima Japheth alitengeneza redio za watu kama mtu aliyefiwa, mpaka jioni moja akafungua mafaili ya ile treni na kugundua kwamba sauti zimekaa humo moja moja, na kila moja unaweza kuitoa ukaweka yako. Nilimsikia akipiga kofi meza.

"Basi nitaitafutia sauti mwenyewe!"

Alianzia kwa Obare, mwenye kisiagi cha mahindi. Akamkuta kinasaga, akatoa maikrofoni, akavaa vipokea-sauti vyeusi masikioni, akaanza kuuzunguka mtambo bila kusalimia. Obare akazima injini mara moja.

"Ofisa," akasema, "hii mashine kelele yake ni ya leo tu. Kawaida inanyamaza."

Ilichukua muda kumweleza kwamba hakutumwa na serikali bali na treni. Obare alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza treni yenyewe iko wapi, akaambiwa iko kwa kompyuta, akawasha tena kisiagi chake. Sauti iliyopatikana haikufaa. Ilikuwa inapigapiga tu, haina uzito, na ukiongeza mwendo unasikia unga.

Isebania alibahatika kidogo. Malori yanayongoja kuvuka mpaka kwenda Sirare yanapumua breki za hewa mchana kutwa, *tsshhh*, naye alikaa pale akizivuna pumzi hizo huku wabadilishaji pesa wakimtazama kwa wasiwasi. Sasa alikuwa na breki. Injini bado.

Ni Lynnet aliyempa wazo, na sidhani alikusudia. Alikuwa kwenye simu na dada yake mkubwa, Helen, ambaye anakaanga ngege, wale samaki wa ziwani, ufukweni Mbita, upande wa Homa Bay. Ghafla akaisogeza simu mbali na sikio. "Dada, sikusikii, hiyo meli yenu inanguruma sana!"

Japheth akaweka kijiko chini. "Inanguruma namna gani?"

Asubuhi iliyofuata alikuwa njiani.

Meli aliyoikuta ni ya abiria na mizigo, inakwenda kisiwa cha Mfangano, na injini yake anaitunza mtu mmoja mkarimu anayeitwa Omondi. Kinyume na Obare, Omondi alielewa hata kabla Japheth hajamaliza. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba injini yake ina sauti nzuri. Alimshusha chini kwenye chumba cha injini, akamwashia, akaiacha ingurume polepole kwanza, kisha akaibebesha mzigo kidogo kidogo.

"Hiyo ndiyo nataka!" Japheth alipiga kelele juu ya ngurumo. "Kwanza ilie, ndiyo mwendo ufuate! Treni ikipanda mlima inalia kabla haijasogea!"

"Kama mama mkwe!" Omondi akajibu kwa kelele.

Wakatoka nje wakiwa wamelowa jasho na furaha. Japheth alipaswa kushukuru na kwenda zake. Lakini akakumbuka ile honi ya mbuzi.

"Omera, na honi?"

"Honi ni ya kuondoka."

"Kidogo tu."

Omondi alikuwa ameshasifiwa sana siku hiyo, hakuweza kukataa. Akavuta. Ilikuwa honi kweli, nene, ndefu, iliyokwenda hadi ng'ambo ikarudi. Na pamoja nayo wakarudi abiria wote. Walitoka vibandani wakikimbia, mmoja na chapati mdomoni, mama mmoja amebeba kuku na ndizi na mtoto ambaye baadaye iligundulika si wake. Bonareri, mfanyabiashara wa ndizi kutoka Kisii, aliruka ubao wa kupandia kwa mguu mmoja kwa sababu kiatu cha pili kilibaki chini ya meza ya Helen. Walipofika wakakuta meli imefungwa kamba, nahodha anakunywa chai, na mwanamume mmoja amesimama katikati na maikrofoni akiwaashiria kwa kidole wanyamaze.

Helen ndiye aliyemfikia wa kwanza, na mwiko wa kugeuzia samaki.

"Shem! Yawa! Umefukuza watu kwa meza yangu!"

"Shem, nisamehe, nilikuwa natafuta honi."

"Honi unatafuta kwa watu wanakula?"

Aliwaita wateja wake warudi, kwa sauti ile ile anayotumia kila siku, ambayo haihitaji maikrofoni. Japheth aliondoka Mbita kwa njia ya nyuma.

Lakini nyumbani, alipoweka sauti zile kwenye treni, hata mimi nilikuja kusikiliza. Ilikuwa kitu kingine kabisa. Injini ilijikusanya, ikakaza, mabehewa yakagongana moja baada ya jingine, na kikombe changu cha chai kikatembea chenyewe kwenye meza. Lynnet hakucheka. Alisema, "Sasa hiyo inaenda mahali."

Tatizo lilikuja treni iliposimama kituoni. Injini ilipokuwa ikinguruma taratibu, kwa mbali, lakini wazi, mwanamke akaita: "Ngege moto! Ngege moto, kuja ule!" Tena: "Ngege moto!"

Helen. Siku ile alipowaita wateja warudi, maikrofoni ilikuwa bado wazi na meli bado inanguruma, basi akaingia kwenye injini, na kwa kuwa sauti ile hujirudia mradi treni imesimama, Helen naye alijirudia. Japheth alijaribu kumkata, injini ikabaki na pengo kama jino lililong'oka. Akajaribu kumpunguza, ikapungua treni. Mwishowe akamwacha, akaziweka sauti zote mtandaoni bure kwa wachezaji wenzake, akijiambia hakuna atakayemsikia.

Walimsikia wote. Barua zikaanza kuingia, kutoka nchi ambazo mtu wa Migori hana shughuli nazo. Waliisifu injini, waliisifu honi, kisha wakauliza mama yule anatangaza nini. Mzee mmoja wa Poland alieleza kwa kujiamini kwamba hiyo ni njia ya Kiafrika ya kutangaza kituo. Wengine wakamwamini. Kabla mwezi haujaisha, mchezaji mmoja akachora kituo kizima, chenye paa la mabati na benchi, na kibao kilichoandikwa NGEGE MOTO. Treni za Ulaya zikawa zinasimama hapo.

Sasa nani amwambie Helen? Japheth alimsukumia mkewe, mkewe akamrudishia. Helen alipokuja Migori kuwatembelea, alikalishwa kwenye kochi lile lile, akapewa soda baridi, na treni ikawashwa. Ikasimama kituoni. "Ngege moto!" spika zikaita.

Helen akatua chupa chini. Akasikiliza mara ya pili, mara ya tatu. Japheth alikuwa tayari amesogea karibu na mlango.

"Huyo ni mimi?"

"Ni wewe, shem. Hata wazungu huko Ulaya wanakusikia."

"Na hao wazungu wananisikia hivyo?"

"Kila siku."

"Shem, umeniharibia jina!" Helen akasimama. "Siku hiyo nilikuwa na homa, koo imekauka, na nimekasirika! Hiyo si sauti yangu! Utarudi Mbita unirekodi vizuri!"

Japheth akarudi, na safari hii nilikwenda naye kumbebea nyaya, maana jambo kama hilo huwezi kuliacha lipite nyuma ya ukuta. Helen alikuwa amesuka nywele upya na kuvaa gauni la harusi za watu, ingawa maikrofoni haioni. Habari ilikuwa imeshaenea. Bonareri alitaka asikike akigombania bei ya ndizi, na akaja na mtu wa kugombana naye. Mwalimu wa kwaya alileta sauti nne. Omondi alikaa mbali na honi, mikono mifukoni, kama alivyoamriwa na nahodha. Japheth alisimama katikati yao na vipokea-sauti vyake, akainua mkono, na ufukwe wote ukanyamaza kumngoja Helen.

Helen akavuta pumzi, akafungua mdomo, akasahau la kusema.

"Ngege," Bonareri akamnong'oneza.