Ngitili Niliyoipaka Kijani

Shangazi yangu aliniuliza swali moja tu: ajenge bondeni, karibu na kijito, au abaki kule mlimani? Magoti yake yalikuwa yamechoka kupanda na ndoo ya maji. Mimi ndiye msomi wa maji katika ukoo wetu. Naipa kompyuta ramani ya bonde zima, msitu rangi yake, shamba rangi yake, nayo inakadiria mvua ikinyesha maji kiasi gani yatazama ardhini na kiasi gani yatateremka mtoni. Nikamwambia anipe wiki moja.

Juu ya kijito hicho, nje kidogo ya Kharumwa, kuna ngitili ya ukoo, eneo la miti na majani tunalolifunga wakati wa mvua ili ng'ombe wapate malisho kiangazi. Ikishafungwa, haikanyagwi. Picha yangu ya satelaiti ilikuwa ya zamani, kwa hiyo nilikwenda kuhakikisha. Nilisimama ukingoni, nikaona migunga imesimama vizuri, nikaandika "msitu".

"Ingia ndani, mwanangu," shangazi aliniambia, akipita na ndoo kutoka kijitoni. "Wachimbaji wa dhahabu wanaingia kila siku na mashoka."

Nilimwahidi kwamba nitaingia. Alipoondoka na ndoo yake, nikapanda gari. Njiani nikajiambia kuwa ngitili imefungwa, mimi ni nani nivunje mila? Uongo mtupu. Nilikuwa na viatu vipya na haraka ya kurudi mjini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami sikutaka kuinama. Nikaipaka ngitili yote kijani, rangi ya msitu. Kompyuta ikasema maji hayatafika, naye akajenga.

Mvua za Machi ziliichukua nyumba na mbuzi wake wote. Yeye aliokolewa na jirani.

Safari hii niliingia. Nyuma ya ule mstari wa migunga palikuwa na visiki na udongo mgumu kama sakafu. Miti ilikuwa imeshushwa mashimoni kuzuia kuta zisiwaangukie wachimbaji. Nikarudia hesabu nikiweka ardhi tupu. Maji yalifika mlangoni kwake kabla chai yangu haijapoa.

Sasa anaishi kwa binti yake huko Nyahanga. Nilikwenda kumwomba radhi, na kwa kweli nilitamani anitukane.

"Usijisumbue, mwanangu," alisema. "Wewe uliniambia ulichokiona."

Nikaitikia kwa kichwa, nikanywa uji alionipa. Hadi leo anaamini kwamba siku ile niliingia.