Bunduki Iliyojifyatua Juani

Kuna mchana mmoja wa kiangazi ambao haujanitoka, mwanangu, na kabla sijakusimulia usidhani kwamba nilikuwa kijana jasiri. Nilikuwa na haya kiasi kwamba hata kuitikia jina langu kulinipa taabu. Shule niliishia darasa la nane. Kuandika naandika polepole hadi leo, kwa hiyo nawe usinisome kwa haraka.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, mlinzi mpya katika ranchi moja ya ng'ombe nje ya Voi, upande wa barabara ya Taveta. Wenzangu waliniita Bubu. Sikukasirika. Mtu akiitwa Bubu haulizwi maswali mengi, na mimi maswali niliyaogopa kuliko chui.

Mwaka uliotangulia ranchi ilikuwa imenunua bunduki ya marisau, ile inayorusha chembe nyingi ndogo kwa mara moja. Ilitengenezwa ng'ambo kwa watu wanaowinda ndege. Kwetu uwindaji umekatazwa, nasi hatukuwinda. Kazi yake ilikuwa kupigwa hewani ndovu walipokuja kuvunja matangi ya maji, wasikie mlio, waondoke. Leseni ilikuwa ya meneja wetu, Bi. Mkawasi, mama wa Wundanyi, kule milimani kwenye baridi, ambaye hakuacha hata siku moja kulalamikia joto letu la huku chini. Bunduki ilikuja na karatasi ya waranti. Ikiharibika kabla ya mwaka kwisha, na kosa likiwa la kiwanda, kiwanda kingeitengeneza au kuleta nyingine. Kosa likiwa letu, shauri yetu.

Tulioruhusiwa kuibeba tulikuwa wawili tu: mimi, na Mzee Mwakio aliyenifundisha kazi. Mzee Mwakio alikuwa amelinda ranchi hiyo tangu mimi sijazaliwa.

Sasa, mchana huo. Nilikuwa peke yangu kwenye tangi la mbali. Nyayo za ndovu zilikuwa mbichi, nikaitia bunduki risasi, nikafunga sefti, kile kifungio kinachozuia isifyatuke, nikailaza juu ya mfuniko wa bati wa tangi. Ilikaa hapo tangu asubuhi. Jua lilipofika katikati nikaiinua ili niondoke. Nilipokigusisha kitako chini tu, ikalia. Marisau yalipita karibu na ukingo wa kofia yangu. Kidole changu hakikuwa karibu na kifyatulio, na sefti ilikuwa imefungwa. Nikakaa kwenye vumbi mpaka ndege waliokuwa wameruka wakarudi mtini.

Jioni ilibidi kila risasi ielezwe.

"Moja iko wapi?" Mzee Mwakio akauliza.

"Nyani."

"Walikuwa wengi?"

"Wengi."

Akaandika nyani, yakaisha. Hivyo ndivyo nilivyodanganya, kwa maneno mawili. Nilidhani nikisema imejifyatua, watasema Bubu hata kushika bunduki hajui. Niliona afadhali hatari kuliko kuchekwa. Usishangae, mwanangu. Vijana wengi wamekufa kwa kuogopa kuchekwa, ila hatuandiki hivyo wanapozikwa.

Haikupita wiki mbili. Mzee Mwakio alikuwa ametoka doria na pikapu, bunduki imelala nyuma juu ya chuma, na saa saba mchana akashuka nayo karibu na tangi la zizini. Wake wa wachungaji walikuwa wamepanga mitungi yao wakiteka maji. Kitako kilipogonga ardhi, bunduki ikalia tena. Marisau yalipita juu ya vichwa vya wale akina mama yakatoboa tangi la plastiki. Maji yakaruka kwa matundu mengi. Mama mmoja alilowa kifua kizima, akapiga mayowe akijipapasa, akidhani ni damu.

Hakuna aliyeumia. Lakini Mzee Mwakio alivuliwa sare siku hiyo hiyo, akaambiwa akangojee nyumbani.

"Kidole changu hakikuwa pale," alimwambia Bi. Mkawasi.

"Mzee, bunduki haina akili ya kujifyatua."

Watu wakasema amezeeka, mikono imeanza kucheza. Askari anayefukuzwa kwa uzembe wa bunduki haajiriwi tena popote, na kila mtu alilijua hilo. Hata hivyo Bi. Mkawasi alikuwa mtu wa haki. Aliipeleka bunduki Mombasa, kwa wakala wa kiwanda, chini ya waranti. Siku chache baadaye ikarudi na barua: imejaribiwa mara nyingi, haina kasoro yoyote, aliyeishika ndiye aangaliwe. Bi. Mkawasi akatangaza kwamba Ijumaa Mzee Mwakio atafutwa kazi kabisa.

Nilikosa usingizi. Asubuhi nikashika njia hadi kwake Mwatate, nikamkuta akipigilia misumari banda la kuku.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekuja kunipa pole? Kaa basi, pole ya kusimama huwa haitoshi."

Sikukaa. "Wale nyani," nikasema. "Hawakuwepo."

Akaacha kupiga nyundo. "Ilijifyatua?"

"Ndiyo, Mzee."

"Sefti?"

"Nilikuwa nimefunga."

"Na ukanyamaza."

"Niliona haya. Mngenicheka."

"Tungekucheka, ndiyo. Mutua dereva angekucheka mpaka Krismasi. Halafu? Kucheka kwa Mutua kumeshaua nani?" Alinitazama, na macho yake yalikuwa yamechoka kuliko kukasirika. "Wale akina mama pale tangini wana watoto. Mdomo wa bunduki ungeelekea chini kidogo tu, leo ungekuwa unaona haya mbele ya makaburi. Haya yako umeilisha vizuri sana, kijana. Sasa ilikuwa inataka kula watu."

Nikaanza kulia. Hakunibembeleza.

"Usilie kwenye kuku wangu. Nenda kwa meneja. Na uhakikishe machozi yamekauka njiani, maana yule mama anataka maneno."

Bi. Mkawasi alinisikiliza huku akijipepea na ile barua ya Mombasa.

"Kwa nini nikuamini?" akauliza. "Huyo ni mzee wako, lazima umtetee. Na kama ni kweli, basi ulinidanganya."

"Nilidanganya, Madam."

Nadhani kukubali huko ndiko kulikomfanya anisogezee kiti. Akaniambia kiwanda hakipokei hadithi, kinataka maandishi, na waranti ilikuwa imebakiza siku tisa. Akanipa fomu. Pale pa kueleza tatizo palikuwa na mistari mitatu. Nikaomba karatasi za daftari. Nilianza saa tano asubuhi, na chai ya saa kumi ikanikuta bado naandika. Makarani walipita wakichungulia. Mutua, dereva wetu, alisema, "Bubu anaandika Biblia."

Lakini sikiliza jambo hili, mwanangu. Mkono ukienda polepole, kichwa hupata nafasi ya kutazama vizuri. Niliandika kwamba nilipoiinua bunduki siku ile ilinibidi niishike kwa pindo la shati, kwa sababu ilikuwa inachoma. Nikasimama hapo. Siku ya Mzee bunduki ilikuwa imelala juu ya chuma cha pikapu, mchana. Siku yangu ilikuwa juu ya bati, mchana. Asubuhi tulikuwa tukigongesha kitako chini kila siku, na haikuwahi kutokea kitu.

Nikanyanyua kichwa. "Madam, huko Mombasa waliijaribia wapi?"

"Dukani kwao. Mahali pazuri, wana kiyoyozi. Mimi nilitamani kulala huko." Akaweka ile barua mezani. "Ngoja kwanza," akasema, akachukua simu.

Siku iliyofuata tulikuwa Mombasa: Bi. Mkawasi mwenye leseni, Mutua usukani, na mimi nyuma nikiomba gari liharibike njiani ili nisije nikahitajika kusema. Halikuharibika. Fundi wa wakala alikuwa Mzee Salim, mtu wa pwani, kofia safi, maneno taratibu.

"Mama, bunduki hii nimeigonga kitako mpaka mkono ukaniuma," alisema. "Haina neno. Wenye neno ni wanaoishika."

"Kijana wangu ana la kusema," Bi. Mkawasi akasema.

Wote wakanigeukia. Ulimi ukakwama kama kawaida yake.

"Huyu tunamwita Bubu," Mutua akasema. "Mkimngojea, tutafutieni na godoro."

Wakacheka. Na hapo, mwanangu, ndipo nilipogundua kwamba tayari nilikuwa nimechekwa, na bado nilikuwa nimesimama. Hakuna kilichonivunjika.

"Naomba iwekwe juani," nikasema kwa sauti.

"Juani?" Mzee Salim akasema. "Tuianike kama samaki ng'onda?"

"Ndiyo, Mzee. Kama ng'onda."

Huenda alikubali kwa mzaha tu. Nyuma ya duka palikuwa na ua wenye ukuta mrefu. Alifungua bunduki, akatuonyesha sote kwamba haina risasi, akailaza juu ya kipande cha bati. Adhana ya adhuhuri ikalia, akaenda kuswali, akarudi na kahawa yake. Mimi sikuondoka pale bati lilipokuwa. Jasho lilinitiririka mpaka viatuni.

Alipoishika, aliiachia upesi, akatafuta kitambaa. Akaitega, akafunga sefti kwa mkono wake mwenyewe, akanipa. "Haya, bwana mdogo."

Nikagonga kitako chini. Kimya. Nikagonga mara ya pili. Kimya. Nilisikia Mutua akivuta pumzi ya kuanza kucheka. Nikagonga mara ya tatu.

*Ta!*

Kile kinyundo cha ndani kinachogonga risasi kilikuwa kimeanguka chenyewe. Kikombe cha Mzee Salim kilibaki hewani. Akaniondolea bunduki, akaitega tena, akafunga sefti, akagonga. *Ta!* Akarudia. *Ta!*

"Lahaula!" akasema. "Na mimi nimewarudishia watu kitu hiki!"

Aliifungua mezani papo hapo, akatuonyesha kipande kidogo cha chuma kilichopaswa kukishikilia kinyundo. Kilikuwa kimechongwa kidogo kuliko inavyotakiwa. Kikiwa baridi kilishika, kikipata moto kiliachia. Mzee Salim hakujificha. Alisema mbele yetu sote kwamba kosa ni la kiwanda na kwamba yeye naye alikosea kuijaribia kivulini. Kisha akachukua karatasi zangu za daftari, akazisoma kutoka ya kwanza hadi ya mwisho.

"Nani kayaandika haya?"

"Mimi," nikasema, na safari hii sikuangalia chini.

"Basi yataenda kiwandani kama yalivyo. Sina la kuongeza."

Kiwanda kilijibu. Tuliletewa bunduki mpya, na wengine waliokuwa na bunduki kama ile waliarifiwa wasizitumie mpaka zikaguliwe. Bi. Mkawasi aliwakusanya watu wote zizini, akasoma barua ya kumsafisha Mzee Mwakio, akamwomba msamaha kwa kinywa chake. Mzee alipotokea na sare yake imepigwa pasi, akina mama wa tangini walimpigia vigelegele mpaka ng'ombe wakashtuka.

"Bubu amefungua kinywa mara moja tu, akamrudisha mzee kazini!" Mutua akapaza sauti. "Akifungua mara ya pili atakuwa chifu!"

Nami nilipewa barua ya onyo kwa ajili ya wale nyani. Mzee Mwakio aliisoma, akaikunja, akanirudishia. "Hii umeistahili," akasema, kisha akanishika mkono mbele ya watu wote na hakuuachia haraka.

Basi mwanangu, hili ndilo ninalotaka ulichukue. Kifaa kikikukosea mkononi, sema siku hiyo hiyo, hata kama sauti inatetemeka, kwa sababu kesho kitashikwa na mtu mwingine. Ukiwa umeshadanganya, rudi ukaseme ukweli kabla mtu hajaubeba mzigo wako. Kitu chenye waranti usimpe fundi wa kando ya barabara akichokore. Kirudishe kama kilivyo, siku zikiwa bado zipo. Ukiambiwa hakina kasoro, usigombane na mtu, muulize amekijaribia wapi na vipi. Andika ulichokiona kwa macho yako. Ukiandika polepole si kitu, mradi iwe kweli. Na mzee akisema kidole chake hakikuwa pale, msikilize kwanza kabla hujahesabu mvi zake.

Nenda na heri, mwanangu. Mungu aiepushe mikono yako na damu ya mtu. Akupe wakubwa wa kukukemea bila kukuchukia, na siku utakapotakiwa kusimama kwa ajili ya mwenzako, akufungulie kinywa, nawe utoke hapo kichwa kikiwa juu.