Mchanga Tumboni mwa Pono

Nakumbuka asubuhi moja pale Mbwawa, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, nilipokaribia kufungwa kwa sababu ya tumbo la samaki. Mpaka leo nikikumbuka nachemka, mwanangu, kwa hiyo nivumilie.

Nilikuwa nachukua samaki Dar, napanda basi na kapu langu, nakuja kuuza. Biashara hiyo ndiyo iliyowalisha kaka zako. Siku hiyo nilipata pono, wabichi, wazima, hawajapasuliwa, na watu wa huku walizoea samaki wa kukaanga. Jirani mmoja akampasua wake, akakuta tumbo limejaa mchanga mweupe. Badala ya kuniuliza, akakimbilia kwa mwenyekiti wa kijiji kusema nawajaza samaki mchanga ili wazidi uzito.

Uzito gani, na mimi nauza kwa fungu? Mzani wenyewe sina. Nilisema, nikarudia, nani asikie. Mwenyekiti akaniita mlanguzi mbele za watu, akaamuru kapu limwagwe kwenye shimo la taka na mgambo wanipeleke polisi.

Mama mkwe wangu, mzaliwa wa kisiwa cha Mafia, akafika anahema. Akaokota pono mmoja, akampanua mdomo.

"Mwenyekiti, tazama meno haya. Huyu anaguguna mawe ya baharini apate mwani ulioota juu yake. Jiwe analisaga, analimeza, linatoka mchanga. Ndicho chakula chake tangu aumbwe. Mlishindwa nini kumuuliza mwenye samaki?"

Mwenyekiti akakohoa, akasema basi, yaishe. Yaishe vipi, na samaki wangu wako shimoni? Niliporudi na kapu jingine, wanunuzi walipita kando. Wakanipa jina la Mama Mchanga. Hata walioyaona yale meno kwa macho yao wananiita hivyo mpaka leo, na wanacheka.

Sasa jana nimekusikia unamwita dada wa kazi mwizi, eti sukari imepungua. Umemuuliza? Mtu muulize kwanza, umsikilize mpaka amalize, ndipo useme. Ukishamchafua, hata ukimwomba radhi, wengine hawasahau.

Ile sukari niliitia mimi kwenye uji wangu. Nenda jikoni ukamwambie, na useme kwa sauti ile ile uliyomwitia mwizi. Mungu akujalie subira, mwanangu, akuepushe na kubandikwa jina lisilo lako.