Nilivyomwomba Baba Aende Hospitali

Mwanangu, ipo siku moja naikumbuka kila nikipita zizini. Babu yako alikuwa amechomwa na mwiba mguuni, na kwa kuwa alikuwa na ugonjwa wa sukari, kidonda kiligoma kupona. Kikaanza kunuka. Nesi wa zahanati hapa Mungaa alisema apelekwe hospitali ya mkoa bila kuchelewa. Babu yako akasema ataona.

Mimi si mtu wa maneno, unanijua. Nilichunga ng'ombe huku nikipanga la kumwambia, nikaona peke yangu sitoshi. Basi nikangoja jioni, wazee wa rika lake walipokuja kukaa naye uani, nikidhani wakinisikia wataniunga mkono. Nikawaamkia. Kisha yote yakanitoka kwa mkupuo: kwamba mguu unaoza, kwamba yeye ni mkaidi, kwamba akichelewa utakatwa.

Mzee mmoja akamgeukia babu yako. "Siku hizi unachungwa na mtoto?"

Wakacheka. Babu yako hakucheka. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Mguu huu ndio unaofuata ng'ombe. Hauendi kwa watu wenye misumeno."

Nilimrudia kesho yake tukiwa wawili, akageukia ukutani. Alikwisha kutoa neno mbele ya wenzake, na hakuwa mtu wa kulirudisha. Tulipompakia kwenye gari hatimaye, alikuwa hatutambui tena. Hakurudi akiwa hai.

Baada ya maziko shangazi yangu, dada yake aliyetoka Manyoni, aliniita jikoni akataka nimweleze nilisema nini. Nikamweleza. Alisonga ugali mpaka ukaiva, ndipo akasema, "Kaka yangu hakuogopa kufa. Aliogopa kubaki nyumbani ng'ombe wakienda na mtu mwingine. Ungemwambia mkiwa wawili kwamba unataka mguu upone awafuate. Wewe ulimtisha kwa kile kile alichokiogopa, tena mbele ya watu."

Nikamwuliza kama maneno hayo yangemwokoa.

"Sijui, mwanangu."

Nami sijui mpaka leo. Hilo ndilo linalonichosha.

Nakuambia haya ingawa kwangu hayafai kitu tena. Ukitaka mtu akubali jambo, usianze na unachokijua wewe. Jua kwanza yeye anaogopa nini na anapenda nini. Msikilize mpaka amalize, halafu sababu yako ianzie hapo. Chagua iliyo nzito kwake, zile nyingine ziache hata kama ni za kweli. Usimwite mkaidi mtu unayemwomba. Wala usimbane mbele ya wenzake. Mwachie njia ya kukubali bila aibu. Usidhani kuwa na haki kunatosha. Mimi nilikuwa na haki, na nilimzika baba yangu.

Mungu akupe ulimi uliotulia kuliko wangu, na akujalie useme mapema, wakati unayempenda bado anaweza kukusikia.