Barua ya Sauda, na Beseni Nililobeba

Siku hiyo ninayoikumbuka tulikuwa wanne nyumbani kwangu Sarang'ombe: mimi; Sauda, mtoto wa binti yangu Zuhura; Rashid, mtoto wa marehemu kaka yangu Abdalla; na Mama Akinyi, mpangaji wangu wa miaka mingi, ambaye kwangu sasa ni dada.

Sauda alikuwa anaomba nafasi ya kusomea uuguzi chuo kikuu. Mwanangu unayesoma haya, mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini nimeelezwa kwamba vyuo vingine havitosheki na alama za mtihani. Vinataka barua ya kujieleza, useme umefanya nini na mikono yako. Alama za Sauda zilikuwa za katikati. Barua hiyo ndiyo ingembeba au kumwangusha.

Akatusomea. Alikuwa ameandika kwamba amejitolea kuhudumia wajawazito katika zahanati moja ya mtaa wa Kongo, kule Kawangware.

"Si ulienda siku moja tu, ukarudi na picha umevaa aproni?" Mama Akinyi akauliza.

"Siku moja pia ni kujitolea," Sauda akasema, macho kwenye karatasi.

"Wacheni mtoto aandike," Rashid akasema. "Kila mtu anaongeza chumvi. Nani atatoka huko chuo aje Kongo kuuliza?"

"Wewe Rashid uliandika unajua kuendesha lori, ukabomoa choo cha watu," Mama Akinyi akamjibu.

Wakacheka. Mimi sikuweza, nikawaeleza kwa nini.

Nilipokuwa rika la Sauda, mkunga wetu alikuwa Bi Kaltuma, shangazi ya mama yangu. Nilikuwa namchukulia beseni la maji ya moto mpaka mlangoni, naliweka chini, nasubiri nje. Mara tatu hivi. Lakini kule bombani niliwaambia wenzangu, "Nimezalisha." Neno hilo lilikuwa tamu mdomoni. Wakaanza kuniita mkunga mdogo.

Asubuhi moja Bi Kaltuma alikuwa ameenda kwenye mazishi, na uchungu ukamshika Risper, jirani yetu wa kutoka upande wa Ziwa. Mumewe Odongo akaja kuniita mimi. Ningesema sijui, angempeleka hospitali. Sikusema. Niliingia. Mtoto akatoka kamba ya kitovu imemzunguka shingo, na mimi nimesimama tu na kitambaa mkononi.

"Mbona halii?" Risper akaniuliza.

Bi Kaltuma, aliyekuwa ameshaitwa na wanawake wa plotini, ndiye aliyeingia na kumfungua yule mtoto. Akalia. Wakamwita Achieng, jina la kwao la mtoto wa mchana, maana jua lilikuwa limepanda.

Bi Kaltuma hakunipiga. Tulipokuwa tunanawa mikono alisema, "Wewe unafika mlangoni. Ungesema hivyo, Odongo angejua pa kukimbilia."

Sauda akaikunja ile karatasi. Zilibaki wiki sita maombi yafungwe. Akarudi Kongo, kila Jumanne na Alhamisi. Hakupewa mgonjwa amguse. Alipewa foleni na daftari la majina. Hapo ndipo alipoona kwamba wako akina mama wanaoitikia nesi akitaja tarehe ya kurudi, na tarehe yenyewe hawakuishika, wanaona haya kuuliza tena. Akawa anawarudia taratibu pale nje: Ijumaa mbili zikipita, mama, ile siku yako ya kufua. Wakaanza kurudi. Hayo ndiyo aliyoyaandika, na kwamba kazi yake ilikuwa foleni. Rashid alisema barua imekuwa kavu. Ilitumwa hivyo hivyo, na jibu bado halijaja. Ninaamka nikiliombea.

Mwanangu, kabla ya kuandika ulichofanya, nenda ukakifanye, ukirudie mpaka kikuchoshe, maana siku ya kwanza macho hayaoni kitu. Kama ulifagia, andika ulifagia, na useme uliona nini ukifagia. Usijikweze kwa neno moja. Yuko mtu ambaye atakuamini kwa neno hilo, alale mbele yako na uhai wake.

Mola akupe kazi ya kuisema bila kuogopa swali, na akufungulie pale unapopaomba.

Na kama wako watu wa Risper au wa Odongo wanaosoma haya, na kule alikokuwa ameenda Bi Kaltuma hakukuwa mazishini bali harusini, au kuna jina nimelikosea, tafadhali wanisahihishe.